Jembe Lililopita Karibu Mno

Huku Ilula, mkoani Iringa, nyanya ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kwa hiyo mzee jirani yangu aliponiita nimsaidie kupalilia, nilikwenda na jembe langu. Kosa ninalolisimulia hapa nililifanya naye bega kwa bega.

Nyanya zilikuwa zimeshachanua, nyingine zina vitunda kama gololi. Kwa haraka zetu tukalima kwa kina hadi kwenye mashina. Dalili ya kwanza ilikuja palepale: kila tukiinua jembe, lilitoka na nyuzi nyeupe, mbichi, zilizokatika. "Mizizi hii, mzee," nilisema. Akacheka: "Itaota mingine, mwanangu." Nami nikaendelea kulima.

Kesho yake, saa saba mchana, majani yalilegea ilhali udongo una maji. Jioni yakasimama tena. Tukalaumu jua. Siku chache baadaye vitako vya nyanya changa vikapata doa la majimaji, likawa la kahawia, kisha jeusi na gumu kama ngozi ya kiatu. Tukadhani ni ukungu, mzee akapuliza dawa. Tukadhani ni njaa, akaongeza urea. Doa likazidi kuenea.

Bwana shamba alipofika, hakuanza na nyanya. Alichimbua kwa vidole pembeni mwa shina, akatuonyesha mizizi iliyobaki vigutu.

Doa lile lilitokana na nyanya kukosa kalsiamu, na wala si kwamba shamba halikuwa nayo. Kalsiamu huyeyuka katika maji ya udongoni na kuingia zaidi kupitia sehemu changa karibu na ncha za mizizi. Mzizi ukikomaa hujizungushia utando kama nta ndani yake, na njia hiyo hubana. Kalsiamu ikishaingia, husafiri na maji yanayovutwa juu na majani. Jani hupoteza maji mengi, hivyo hupata fungu kubwa. Tunda hupoteza machache, hupata kidogo. Na kalsiamu ikishatua kwenye jani, hairudi nyuma kuliokoa tunda.

Sisi tulikata zile ncha wakati vitunda vinakua kwa kasi. Mzee alisema kweli, mizizi mingine huota. Ila kuota kunachukua siku, na tunda halingoji. Urea nayo ilichochea majani, na amonia yake ikashindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Tena jeraha la mzizi ni mlango wa bakteria wa mnyauko; huo ulitupita kwa bahati tu.

Ndugu zangu, tupalilie mapema, magugu yakiwa madogo, na jembe lipite juu juu. Karibu na shina tung'oe kwa mkono. Tuweke matandazo, tumwagilie kwa mpangilio, si leo mafuriko kesho ukame. Na mmea ukilegea mchana juu ya udongo wenye maji, tutazame mizizi kabla ya kukimbilia duka la pembejeo.

Juzi nilikuwa napalilia nyanya zangu, giza linaingia, nami nakazana nimalize tuta. Jembe likainuka na uzi mweupe. Nikaliweka chini, nikapiga magoti.