Je, ni Kosa Kama Hakuna Aliyeumia?



Katika toleo hili twataka kuliangalia swali moja ambalo watu wengi hulijibu upesi mno. Mtu akivunja kanuni ya usalama, na kwa bahati asiumie mtu yeyote, je, amemkosea Mungu na jirani yake, au amekosea karatasi tu? Dereva wa basi lenye breki mbovu aliyefika Dodoma salama, abiria wakashuka na kumshukuru, ana hatia gani? Wengi wetu tutasema kwamba hana, au anayo kidogo. Lakini basi lile lile likipinduka kesho yake, dereva yule twamwita mwuaji. Breki ni zile zile na moyo wa dereva ni ule ule. Kilichoongezeka ni kona moja tu ya barabara.

Tumechagua mfano ulio mbali nasi, maana katika mambo ya karibu huwamo majina ya jamaa zetu, na hapo macho yetu huingia ukungu. Mfano huo ni wa mabomba ya gesi asilia huko Marekani, na jinsi serikali ilivyozisimamia kanuni zake za usalama, au ilivyoacha kuzisimamia.

San Bruno ni mji mdogo karibu na San Francisco, katika jimbo la California. Chini ya mtaa mmoja wa makazi lilipita bomba la chuma lenye upana wa inchi 30, mali ya kampuni ya Pacific Gas and Electric, lililofukiwa pale mwaka 1956. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010 bomba lile lilipasuka. Kipande chake chenye urefu wa futi 28 kilirushwa umbali wa futi 100, na gesi iliyotoka ikashika moto. Watu 8 walikufa, na nyumba 38 ziliteketea. Ilichukua dakika 95 kuikata gesi iliyokuwa ikiulisha moto ule, kwa sababu vali za bomba hazikuweza kufungwa kwa mitambo kutoka mbali. Ilibidi mafundi waende kwa magari wakazifunge kwa mikono yao, na ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, barabara zimejaa.

Wachunguzi wa serikali ya taifa walitoa taarifa yao mwaka 2011. Walikuta kwamba sehemu iliyopasuka iliungwa kwa vipande vifupi vifupi, na baadhi ya vipande hivyo mshono wake haukuchomelewa kwa upande wa ndani. Ubovu ulikuwamo tangu siku bomba lilipofukiwa, na miaka iliukuza. Lakini majalada ya kampuni yalisema kwamba mahali pale pana bomba lisilo na mshono wowote. Sasa sikilizeni ajabu hii: zama zile hapakuwa na kiwanda chochote cha Marekani kilichoidhinishwa ambacho kilitengeneza bomba la inchi 30 lisilo na mshono. Karatasi ilikuwa ikisema jambo lisilowezekana, miaka ikapita, na karatasi ikaaminiwa.

Mtu atauliza, na serikali ilikuwa wapi? Serikali ilikuwapo. Baada ya bomba jingine kulipuka huko Natchitoches, Louisiana, mwaka 1965 na kuua watu 17, sheria ya taifa ya usalama wa mabomba ya gesi ilipitishwa mwaka 1968, na kanuni zake zikatoka mwaka 1970. Kanuni zilitaka bomba jipya lijaribiwe kwanza kwa kujazwa maji yenye mgandamizo mkubwa kuliko ule litakaoubeba kazini. Ni jaribio la busara, kwani bomba bovu likipasuka kwa maji, hasara ni matope. Lakini mabomba yaliyokwisha kufukiwa yalisamehewa. Yaliruhusiwa kuendelea na mgandamizo mkubwa kabisa yaliyoubeba katika miaka mitano iliyotangulia, bila kujaribiwa. Jimbo la California lilikuwa limetoa msamaha wa namna hiyo hiyo mwaka 1961. Wachunguzi walisema kwamba lau jaribio lile lingefanywa, yaelekea ubovu wa San Bruno ungalionekana.

Twafahamu kwa nini walisamehe. Kuchimbua mabomba ya nchi nzima ni gharama kubwa, na mabomba yale yalikuwa yakifanya kazi kila siku bila malalamiko. Ilionekana ni huruma kwa wenye mali. Gharama ya huruma ile ililipwa miaka arobaini baadaye na watu ambao hawakuwamo katika mkutano ulioitoa.

Kampuni ilishtakiwa, na mwaka 2016 baraza la mahakama liliiona na hatia kwa mashtaka sita. Moja lilikuwa la kuwazuia wachunguzi katika kazi yao. Matano yalikuwa ya kuvunja sheria ya mabomba kwa kujua na kwa kukusudia: kutotambua hatari zilizokuwa zikilikabili bomba, na mengine ya jinsi hiyo. Hakuna hata shtaka moja kati ya hayo sita lililokuwa la kuua. Kwa maneno mengine, matano yale yalikuwa makosa kamili hata kabla ya saa ile ya jioni. Lau bomba lingalistahimili hadi leo, kampuni ingalikuwa na hatia ile ile, ila hakuna ambaye angaliichungulia.

Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali letu, na kwa kweli halikuanzia California. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa azungushie dari yake ukuta, ili mtu asije akaanguka na nyumba ikapata hatia ya damu. Angalieni wakati agizo linapotolewa: ni siku ya kujenga, kabla hajapanda mtu yeyote. Asiyejenga ukuta amekwisha kuasi, hata kama wageni wake wote ni watu waangalifu na hawaanguki kamwe. Someni pia Kutoka, sura ya 21, habari za ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe asiyejulikana kuwa mkali akiua, mwenyewe haadhibiwi. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa na asimfunge, hukumu yake ni nzito sana. Tofauti yao imo katika kuonywa, kwa kuwa maiti ni maiti kwa wote wawili.

Hata katika maungamo ya Sala ya Asubuhi, ambayo wengi wetu twayasema kwa moyo bila kufikiri, yale tuliyoyaacha hutajwa kwanza, ndipo yafuate yale tuliyoyatenda. Nadra mtu kuja kwa kasisi kuungama kwamba hakukagua kitu.

Sasa tumgeukie mkaguzi mwenyewe, maana wachunguzi hawakuilaumu kampuni peke yake. Waliilaumu pia tume ya jimbo inayosimamia kampuni za gesi na umeme, na idara ya serikali ya taifa, kwamba usimamizi wao ulikuwa dhaifu. Mwaka 2014 barua zilizopitishwa baina ya wakubwa wa kampuni na wakubwa wa tume zilitolewa hadharani, na watu wakasoma jinsi walivyozungumza kirafiki juu ya hakimu gani awekwe kusikiliza shauri la kampuni la bei za gesi.

Sisi tuliotumia miaka yetu katika ualimu na katika chuo cha walimu twajua jinsi mkaguzi anavyopokelewa. Habari zikifika kwamba anakuja, miti hupakwa chokaa, azimio la kazi na maandalio ya masomo hupigiwa mstari mwekundu, na kuku huchinjwa. Mkaguzi mwema kuliko wote tuliowahi kuwaona alikuwa mzee mmoja mkavu, ambaye alikataa chai mpaka amalize. Alipoonyeshwa madaftari ya walimu aliyaweka kando akaomba daftari la mtoto wa safu ya nyuma. Watu hawakumpenda. Walisema hana utu. Lakini mtoto wa safu ya nyuma hakuwa na mtetezi mwingine siku ile, na ukarimu wote uliokuwa ukiandaliwa pale ofisini ulikuwa unaandaliwa kwa hasara yake. Mkaguzi wa bomba asomaye jalada akaridhika, asiulize chuma chenyewe kikoje, amesoma daftari la mwalimu tu.

Wengine watasema kwamba haya yote ni tamaa ya makampuni, nasi hayatuhusu. Shule ya New London, Texas, haikuwa kampuni. Bodi yake, ili kupunguza gharama, iliacha gesi ya kununua ikaunganisha bomba la shule na bomba la mabaki ya gesi kutoka visima vya mafuta. Majirani wengi walifanya hivyo, na wenye mafuta walinyamaza. Gesi asilia haina harufu. Ilivuja ikajaa chini ya sakafu pasipo mtu kujua, na alasiri ya tarehe 18 Machi 1937 mashine ya kulainishia mbao katika darasa la ufundi ilipowashwa, cheche ikatosha. Wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa. Mwaka ule ule jimbo likatunga sheria kwamba gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya. Mama anayenusa mtungi wake jikoni leo akakimbilia kufungua madirisha, anasaidiwa na dawa ya namna hiyo. Watu wale wa bodi walikuwa na nia njema na fedha za shule, na hakuna aliyewaambia hapana.

Kuhusu adhabu tuna shaka zetu. Kampuni haina mwili wa kufungwa gerezani. Mahakama ya taifa iliitoza faini ya dola milioni 3, ambayo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa kwa mashtaka yale, ingawa waendesha mashtaka walikuwa wametaka dola milioni 562 kabla ya kuliacha ombi hilo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, tume ya jimbo ilikuwa imeiadhibu kwa dola bilioni 1.6, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya kutengeneza mfumo wa gesi. Lakini lililotugusa zaidi ni agizo jingine la hakimu, mwezi Januari 2017: kampuni itangaze hatia yake yenyewe katika televisheni na magazeti, na watumishi wake watoe saa 10,000 za kazi ya kusaidia jamii, wakubwa wakiwamo. Huko ni kama kuungama mbele ya kusanyiko. Kama moyo ulibadilika ni jambo jingine. Kampuni ikiwa bado katika kipindi cha kuangaliwa, nyaya zake za umeme zilisababisha moto mkubwa wa mwaka 2018, na mwaka 2020 ilikiri mashtaka 84 ya kuua bila kukusudia.

Huko Massachusetts walijaribu njia nyingine. Baada ya milipuko ya gesi ya Septemba 2018, kampuni iliyohusika ilikiri kosa, ikalipa dola milioni 53, na mwenye kampuni akatakiwa auze biashara yake na kuondoka katika jimbo lile. Sisi twadhani hilo lilikuwa karibu zaidi na haki. Asiyefunga ng'ombe wake baada ya kuonywa asiachiwe kufuga.

Lakini ni lazima tuseme na upande ulio mgumu. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la mafuta, watu wakaenda kuichota, ikalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Vibanda vilikuwa vimejengwa kando kando ya bomba. Kanuni zinakataza. Kuzitimiza maana yake ilikuwa kuwabomolea maskini ambao hawakuwa na mahali pengine pa kulala. Anayedai sheria ishikwe pale, aseme na watu wale wangehamia wapi. Na anayewaonea huruma akawaacha pale pale, aseme ni huruma gani. Hatuna jibu rahisi. Twaona tu kwamba kuwaacha kulikuwa rahisi kwa kila mtu isipokuwa wao.

Nasi tunayo mabomba yetu. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, lilizinduliwa mwaka 2015. EWURA ndiyo iliyopewa kazi ya kuyasimamia. Wapo kati yenu ambao shamba lao linapakana na mkuza, nanyi mwavijua vibao vya onyo kuliko sisi. Bomba la San Bruno lilikuwa na umri wa miaka 54 lilipopasuka. Bomba la Mtwara litafikia umri huo mwaka 2069. Mkaguzi atakayelifungulia jalada mwaka huo pengine hajazaliwa bado, na yote atakayoyajua juu ya chuma kilicho chini ya udongo ni yale yanayoandikwa sasa, na watu ambao hatawahi kuonana nao.