Chapeo ya Pili

Neno la msingi: 1 Wathesalonike 5:8, Matendo ya Mitume 9:36–42



Wiki jana tumemzika ndugu yetu. Familia imeomba jina lake lisichapwe hapa, na tunaheshimu. Lakini kama unakaa Likoni, upande wa Mtongwe na Shika Adabu, jina hulihitaji. Ulikuwa ukisikia mlio wa pikipiki yake saa kumi na moja na nusu alfajiri ikishuka kuelekea feri, unajua baba wa watoto watatu ameenda kazini Changamwe.

Swali ambalo watu wameniuliza ni lile lile: "Pasta, ilikuwa ajali?" Hapana. Aliugua, akalala, na Bwana akamchukua akiwa kitandani mwake. Pikipiki iko salama ukumbini, imefunikwa leso. Nasema haya mapema manake tumezoea kudhani kwamba mwenye kupenda pikipiki lazima hiyo pikipiki imuue. Yeye aliipenda tangu ujana na haikumuua. Iko sababu, na ndiyo ujumbe wa leo.

Aliipenda kweli. Vijana wa bodaboda pale steji walikuwa wakipita kwake si kwa kuwa ni fundi, bali kwa ajili ya sikio lake. Ungekuwa hujazima injini, ameshakwambia mnyororo umelegea. Daraja la Mteza lilipofunguliwa kule Dongo Kundu, na sisi wa kusini tukapata njia ya kutoka bila kungoja feri, alilipita, akarudi, akalipita tena. Mkewe akamuuliza, "Umesahau nini huko?" Akajibu, "Upepo."

Na kila alipokwenda, alibeba helmeti mbili.

Siku moja jioni alinikuta barabarani, mvua inataka kunyesha, akasema panda. Nikapanda. Akanipa ile helmeti ya pili, mimi nikaishika mkononi. Si mbali, nikamwambia, ni hapo tu. Akazima injini. Akaniambia, "Pasta, mimi sitakuhubiria. Lakini hii pikipiki haiwaki mpaka uvae." Mvua ikaanza. Nikavaa.

Sasa niwaambie jambo ambalo si rahisi kwangu kuliandika.

Mimi nimesomea biashara chuoni, na ile tabia ya darasani haijanitoka. Napenda safu na hesabu. Ninaweka daftari la mahudhurio, na katika daftari langu huyu ndugu alikuwa anakuja Jumapili moja, anakosa moja. Mwaka jana nikamwendea. Sikumuuliza habari ya nyumbani. Nilimwambia wazi kwamba pikipiki imekuwa sanamu yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa pasta, nimesikia." Hakujitetea. Mimi nikaondoka nikijiona nimefanya kazi ya Mungu.

Usiku wa matanga, wa pili kati ya watoto wake alisimama kusema neno. Akasema maneno machache tu: "Jumapili hii ilikuwa zamu yangu."

Sikuelewa. Mama yake akatueleza. Mama mzazi wa ndugu yetu yuko upande wa Msambweni, miguu yake haina nguvu tena. Kila baada ya wiki moja mwanawe alikuwa akienda kumpelekea dawa na kushinda naye. Na kila safari alichukua mtoto mmoja, kwa zamu, ili kila mtoto apate siku nzima ya kuwa na baba peke yake. Ile helmeti ya pili ilikuwa yao. Mimi niliona kiti kitupu kanisani. Sikuona mtoto aliyeketi nyuma ya baba yake, amemshika kiuno, wanakwenda kumwona bibi.

Wapendwa, sisemi kuacha kukusanyika ni sawa. Waebrania 10:25 ingali pale pale. Ningeweza kumsaidia: tungemtembelea mama pamoja, tungepanga siku nyingine. Lakini mchungaji anayeuliza "ulikuwa wapi?" bila kuuliza "ulikuwa na nani?" anahesabu kondoo, hajawachunga. Nilikuwa na miezi mingi ya kumrudia ndugu yangu nimwambie nimekosea, ila sikujua kwamba nimekosea, kwa sababu sikuuliza. Nimemwomba Mungu msamaha. Nimemwomba mkewe msamaha. Yeye mwenyewe sikuwahi.

Sasa twende Yafa. Yafa ulikuwa mji wa bandari kama huu wetu; ndiko Yona alikopata jahazi la kumkimbia Mungu. Aliishi huko mwanamke aitwaye Dorkasi. Alipokufa, Petro alipoingia chumbani, wajane hawakumsomea wasifu. Walilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hebu angalia: Luka hakuandika hata hubiri moja la Dorkasi. Aliandika nguo. Kumbe mwenye sindano alihubiri kwa sindano, na ndugu yetu alihubiri kwa helmeti ya pili.

Paulo, akiwaandikia Wathesalonike waliofiwa, aliwaambia wavae tumaini la wokovu kama chapeo. Chapeo ndiyo helmeti. Kwa nini tumaini likae kichwani? Kwa sababu msiba hupiga kichwa kwanza. Unaanza kuwaza: nitalipaje karo, nitaishi vipi, Mungu amenisahau. Bila tumaini la ufufuo, pigo moja linakuangusha. Mwenye tumaini pia analia, na sisi tumelia, lakini kichwa hakipasuki.

Mwaka 1935 mwanajeshi mmoja maarufu wa Uingereza, T. E. Lawrence, aliwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka na pikipiki yake. Hakuwa na helmeti. Baada ya siku sita akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, akachapisha matokeo mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake wavae helmeti. Kifo cha mmoja kikawa chapeo kwa wengi. Lawrence hakukusudia hilo. Lakini yuko Mmoja aliyekusudia. Yesu alikwenda msalabani akijua, ili wewe na mimi tupate chapeo ambayo hatukuinunua. Haleluya.

Basi tufanye nini? Mambo matatu.

Kwanza, vaa helmeti, kimwili kabisa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Sheria ya Trafiki inataka dereva na abiria wote wavae, na abiria awe mmoja. Dada, najua unaogopa nywele na harufu ya jasho la watu. Tia kitambaa chako mkobani, ujifunge kwanza. Vijana wa steji, msingoje abiria aombe. Mpe, na asipovaa, zima injini.

Pili, tengeneza nyumba yako, kama Hezekia alivyoambiwa katika Isaya 38. Ndugu yetu aliacha daftari moja: michango ya chama, anayemdai, anaowadai, karatasi za pikipiki ziko wapi. Mkewe alijua kila ukurasa. Hakuna aliyekuja matangani na deni la uongo akafaulu. Wanaume, kuficha karatasi si uanaume. Jioni ya leo, keti na mama watoto, mfungulie.

Tatu, kuna mtu unapaswa kumwambia "nisamehe" au "asante". Usiweke maneno hayo kwa ajili ya siku ya mazishi. Mimi nimechelewa. Wewe bado una simu mkononi.

Idara ya wanaume tumekubaliana: kila baada ya wiki moja, wawili wetu watampeleka mtoto mmoja Msambweni kwa bibi yake, kwa zamu ile ile aliyoiacha baba. Wa kwanza kwenda ni yule wa pili. Zamu yake ilikuwa imefika, na haitapotea. Nimeandika jina langu la kwanza kwenye orodha.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa maisha ya mtumishi wako. Mfunike mjane wake na watoto wake. Mtie nguvu mama yake mzazi. Tufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu, na kila tunapokwenda, tuwe na chapeo ya mtu wa pili. Katika jina la Yesu, Amina.