Hodi Tatu kwa Kijana Asiyeamini



Mama mmoja wa mtaa wetu ana kijana chuoni, mwaka wa pili wa uhandisi. Kijana huyo alibatizwa kwetu na kupata Kipaimara kwetu, na likizo iliyopita alimwambia mama yake, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Jambo hilo lilimwuma mama, kama litakavyomwuma mzazi ye yote Mkristo. Lakini swali alilotuletea halikuwa hilo. Alisema: "Mwanangu hana raha bwenini. Wenzake wa ushirika wanamjia kila siku kumwita kwenye ibada. Wanamjia kabla ya kipindi cha asubuhi, wanamjia usiku akisoma, wamemtia katika kundi lao la WhatsApp bila kumwuliza, na kila akitoka wanamrudisha. Hataki kuwakosea adabu. Je, awajibu nini?"

Nilipowasimulia watu wawili watatu, walicheka. Mmoja alisema, "Si aende tu, ibada itamdhuru nini?" Mwingine akasema kwamba hao ndio Mungu anawatumia kumrudisha, kwa hiyo mama ashukuru na kunyamaza. Mimi naona swali la mama huyu ni zito kuliko walivyolichukua, nalo latuhusu sisi tunaokaa viti vya mbele kanisani kuliko linavyomhusu kijana.

Sisi tusemao Kiswahili hatupendi kumtupia mtu neno "hapana" usoni. Mtu akialikwa mahali asipotaka kwenda husema "nitajitahidi," au "tutaonana," au "Mungu akipenda." Katika mambo ya kawaida hakuna anayedanganyika. Mwalikaji amesikia sauti, ametazama macho, amejua kwamba mgeni huyu haji, na wote wawili wanaachana bila aibu. Ni adabu nzuri, nami sitaki ipotee. Lakini mwalikaji wa dini mwenye bidii mara nyingi hukataa kusoma macho, naye hushika neno. "Ulisema utajitahidi, mbona Ijumaa hukuonekana?" Hapo upole wa kijana unageuka kuwa deni. Ili alipe deni hilo hutoa ahadi ya pili, na ya tatu. Alikuwa kijana asiyeamini; sasa ni kijana asiyeamini ambaye kila juma hudanganya, na waliomfundisha kudanganya ni watu wa Injili. Tazameni pia ajabu hii: kijana anayesema hakuna Mungu analazimika kulitaja jina la Mungu, "Mungu akipenda nitakuja," apate kufunga mlango, nasi twafurahi tukidhani moyo wake unalainika.

Katika Mathayo sura ya 21 Bwana wetu alisimulia habari za baba aliyewatuma wanawe wawili kwenye shamba la mizabibu. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Mwingine aliitika vizuri sana, wala hakwenda. Twahubiri mara nyingi juu ya wana hao, lakini ni mara chache kumtazama baba. Mwana wa kwanza alipomjibu vibaya, baba hakumfuata nyuma akimsihi mpaka jioni. Alimwacha, akaenda kwa yule wa pili. Kujuta kwa yule wa kwanza kulikuja baadaye, baba asipokuwapo. Na aliyeharibu kazi ya siku ile ni yule aliyeitika kwa adabu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa kijana ni hili: alainishe sauti, asilainishe jambo. Aseme, "Ahsante kwa kunijali. Mimi siamini, na sitakuja Ijumaa wala Ijumaa nyingine. Nikiwa na swali nitakuja kwako mwenyewe. Sasa karibu chai." Kama anayemwita ni mtu mzima, mathalani mke wa mchungaji wa chuo, aanze kwa shikamoo, amwombe radhi, kisha aseme maneno yale yale. Sababu zake azitaje mara moja, akiulizwa; asifungue mabishano kila usiku, kwa maana anayebishana kila usiku ameweka kiti na kumkaribisha mgeni. Wala asidhihaki. Akimcheka mwenzake anayesali, amefanya kosa lile lile analolilalamikia, yaani kumnyima mtu nafasi ya kuwa alivyo.

Labda msomaji atauliza: kwa nini gazeti la kanisa limfundishe mtu njia ya kutokwenda kanisani? Ndipo twafika kwenye kiini.

Hoja ya wenye bidii tuisikilize kwa haki, maana si hoja ya kijinga. Wao husema: ukiona nyumba ya jirani inaungua naye yumo ndani amelala, je, utapiga hodi kwa upole na kuondoka? Utavunja mlango! Na sisi twaamini kwamba roho ya mtu ni kitu kikubwa kuliko nyumba. Nawaheshimu wasemao hivi kwa moyo, na kijana naye awaheshimu. Anayekuja saa nne za usiku kwa sababu anakuogopea si adui. Lakini mfano huo una kasoro. Mtu aliyelala ukimwamsha ataona moshi kwa macho yake, atatoka mwenyewe mbio. Kijana wetu halali. Yu macho, ametazama, na anasema haoni moto. Kupiga kelele zaidi hakumwongezei macho. Tena ukimburuta mtu nje ya moto, umemwokoa hata kama hakutaka. Lakini imani haiburutwi. Kitu tunachokitaka kwake ni moyo wake kukubali, na moyo uliochoshwa mpaka ukasema "haya basi" haujakubali kitu. Umetaka tu kulala.

Wengine hutaja mifano ya Luka, yule rafiki aliyegonga usiku wa manane akiomba mikate, na yule mjane aliyemsumbua hakimu. Isomeni tena. Hiyo ni mifano ya kumsumbua Mungu kwa sala, wala si ya kumsumbua jirani. Usumbufu wote unaotakiwa humo waweza kufanywa chumbani kwako, kijana asijue.

Lipo lakini neno moja gumu katika Luka 14, pale bwana wa karamu anapomwagiza mtumwa awashurutishe watu waingie ili nyumba ijae. Neno hilo lina historia, na sehemu yake ni ya Afrika. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, mwanzoni alishikilia kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika umoja wa Kanisa. Ashawishiwe kwa maneno tu. Baadaye, katika barua aliyomwandikia Vincentius yapata mwaka 408, alieleza kwamba amebadili nia. Kilichombadili, alisema, ni kuona matunda. Mji wake wa kuzaliwa, Thagaste, uliokuwa wote upande wa Wadonato, uligeuka kwa kuziogopa sheria za Kaisari, na watu wakawa washika dini wazuri, wengine wakashukuru kwa kusukumwa. Mtu mkubwa namna ile, tena mwenye moyo, akaanza kulisoma neno la karamu kama ruhusa.

Sina elimu ya kushindana na Augustino, lakini naona hesabu yake ina upungufu. Waliokuja kumshukuru aliwasikia; walionyamaza kwa hofu hakuwasikia, maana ndiyo kazi ya hofu, kuwanyamazisha watu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1685, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliwafutia Waprotestanti uhuru wao, na walioutetea ushurutishaji huo walilitegemea neno lile lile. Mwaka uliofuata Pierre Bayle, ambaye ndugu yake alikuwa amekufa gerezani kwa ajili ya imani, alitoa kitabu kizima juu ya neno hilo moja. Kwa ufupi alisema kwamba maana yo yote ya Maandiko inayotuamuru kutenda uovu haiwezi kuwa maana yake ya kweli. Naona alisema sawa. Na yule mtumwa wa karamu alikuwa na nini mkononi? Hakuwa na askari. Alikuwa na habari ya chakula tu, kwa watu wa njiani wasiodhani kwamba wao pia wamealikwa.

Msidhani nasema bidii ni dhambi. Kanisa letu la Anglikana katika Afrika Mashariki lamejengwa na watu wa bidii. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, Uganda. Walikuwa watu wa Uamsho, akiwamo William Nagenda, na mojawapo ya mambo yaliyowakosanisha na wakubwa wa chuo ni kuamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri wakati ambapo walikatazwa. Wengi leo huwakumbuka wale waliofukuzwa kwa heshima, nami pia; Nagenda alikuja kuhubiri mpaka Ulaya. Lakini kila nisomapo habari zile huwawaza na wale waliokuwa wamelala. Hao hawakuandikwa. Walikuwa wakristo, wengine wakijiandaa kwa upadre, na alfajiri wakaambiwa kwamba hawajaokoka. Yumkini mmoja wao alihitaji kuambiwa, na mwingine alihitaji usingizi.

Sheria haitusaidii sana hapa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, humpa mtu uhuru wa imani na pia huacha kazi ya kueneza dini kuwa huru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, nayo hulinda uhuru wa imani na hukataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Maana yake wewe una haki ya kubisha, naye ana haki ya kutofungua. Ubishe mara ngapi, katiba haisemi. Watu wa pwani walikwisha kulijibu swali hilo kabla ya katiba zote: hodi ni tatu. Unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu; usipoitikiwa unakwenda zako, wala huchungulii dirishani. Hakuna anayesema kwamba mtu huyo hakumpenda mwenye nyumba.

Wazee wengi watakumbuka ile picha ya Bwana Yesu amesimama usiku mlangoni na taa mkononi, iliyotundikwa katika nyumba nyingi za Kikristo. Aliyeichora ni Mwingereza William Holman Hunt, kati ya mwaka 1851 na 1853, na picha yenyewe iko katika Chuo cha Keble, Oxford, mahali pa wanafunzi hasa. Mlango ule umeota magugu, na upande wa nje hauna kitasa. Mchoraji alifanya hivyo kwa makusudi: hufunguliwa kwa ndani tu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nitake kijana ajue kusema hapana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Sisemi hata kidogo kwamba vijana wa ushirika wa chuo ni wa namna hiyo. Wengi wao ni watoto wetu wenyewe. Lakini mbwa-mwitu naye huja na Biblia, huja kila siku, na husema kwamba anayekataa amemkataa Mungu. Kijana tuliyemzoeza kwamba kumkatalia mtu wa dini ni utovu wa adabu atamjibu nini huyo? Hatuwezi kumfundisha "hapana" ya kumwambia mwongo pekee. Anapoijifunza ataitumia na kwetu, na hatuna budi kuivumilia.

Mambo yakivuka mipaka, adabu haihusiki tena. Kama anayemwita ni mwalimu mwenye kumsahihishia mitihani, au mtu anayempa chakula na kukikata asipokuja, kijana aende kwa mlezi wa wanafunzi na kueleza. Huko si kulishitaki Kanisa. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Umoja wa Wainjili Ulimwenguni walitoa waraka wa pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo, nao walikataa waziwazi hila na kulazimisha. Kwa hiyo anayelalamika ana Kanisa upande wake.

Sasa niwaambie neno vijana wetu mnaobisha hodi. Huyo mwenzenu akisema hapana, muulizeni mara moja kama anapenda mrudi siku nyingine. Akisema la, msimtume mwingine aje kana kwamba hamjui. Mwondoeni katika kundi la simu na asirudishwe. Jina lake litajeni mkisali, lakini si kwa sauti mbele ya mkutano, maana habari hufika. Kisha endeleeni kusalimiana naye, kula naye, kumkopesha madaftari. Wengi huacha hapo, na kijana huona kwamba urafiki wote ulikuwa chambo. Kwa kweli nadhani hilo humwondoa mtu kanisani kuliko vitabu vyote vya wasioamini.

Na mama naye aliuliza kama amlazimishe kuja Krismasi. Nilimwambia amwambie saa ya ibada na saa ya chakula, amwekee sahani kwa vyo vyote, na padre akipita nyumbani amwulize kijana habari za masomo yake.