Mwaridi wa pori na swali la bei

Kwenye milima ya Ethiopia kunaota mwaridi wa pori, Rosa abyssinica. Kwa Kiamhari wanauita kega. Maua yake meupe yananukia vizuri, matunda yake watoto wanayakula, na miiba yake njo lupango ya shamba.

Tangu miaka ya 2000, Ethiopia inauzisha Ulaya waridi za kigeni, zinazolimwa ndani ya nyumba za plastiki. Zile zinaleta feza, na feza si mubaya. Lakini je, kitu kisicho na bei hakina thamani? Sisi tunakataa. Kega inamulisha mutoto anayechunga ngombe, bila kumuuliza kitu. Kuukata bila kupanda mwingine ni kumunyanganya yeye. Basi, mbele ya kukata, tuulize kwanza: nani anakula hapa?