Muda Una Ladha Gani?

Sanduku la biri za Partagás Serie D No. 4, zilizosokotwa Havana mwaka 2008, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko sanduku la chapa hiyo hiyo lililotoka kiwandani juzi. Idadi ni ile ile, 25. Urefu ni ule ule, milimita 124. Majani yametoka mkoa ule ule wa magharibi mwa Kuba. Kilichozidi ni miaka, na miaka haina rangi wala harufu. Basi mnunuzi anapotoa fedha zake na kuwasha, anaonja nini?

Wavutaji wazoefu hujibu bila kusita: ukomavu. Jibu hilo si la uongo, ila watu wengi hulielewa kinyume. Hudhani muda huongeza kitu ndani ya biri. Ukifuata jani tangu shambani, unaona kwamba kazi kubwa ya muda ni kuondoa.

Tumbaku bora ya Kuba hulimwa Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, hasa pande za San Luis na San Juan y Martínez. Mkulima wa Urambo au Tabora, aliyezoea kuwasha moto chini ya bani ili kukausha tumbaku ya mvuke, angeshangaa kuona mabani ya huko hayana tanuri: ni tumbaku ya hewa, inayoning'inizwa kwa siku kama 50 mpaka igeuke kahawia yenyewe. Baadaye majani hulowanishwa kidogo na kurundikwa. Rundo huanza kupata joto na kuchacha, na amonia hutoka kwa ukali wa kutoa machozi. Hapo ndipo uondoaji unapoanza.

Jani la kuangaliwa zaidi ni ligero. Ni jani la juu ya mche, lililopigwa na jua kuliko wenzake. Nene, lenye mafuta, zito kuwaka, na lenye nikotini nyingi. Msokotaji huliweka katikati kabisa ya biri, akilizungushia majani mepesi ya seco na volado yanayoleta harufu na kusaidia moto kushika. Ligero hulazwa ghalani miaka isiyopungua miwili kabla ya kutumiwa. Likiwahishwa, hukwaruza koo, na mvutaji mwenye tumbo tupu hupata jasho baridi na kizunguzungu. Biri nzito kama za Bolívar na Partagás hupata uzito wao kwa jani hili.

Hata baada ya kusokotwa, biri haitulii. Ikihifadhiwa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto lisilofika mahali pa kuamsha wadudu wa tumbaku, amonia iliyobaki huendelea kutoka polepole na ukakasi hupungua. Nguvu nazo hushuka. Ndiyo maana biri nzito hufaa kulazwa kuliko nyepesi: ina cha kupoteza. Subira huvuta heri, wasemavyo Waswahili, lakini aliyeisubiri biri nyepesi kwa miaka 20 huenda akavuta hewa tupu.

Kwa hiyo ule utamu unaosifiwa, wa ngozi, kakao, mwerezi, udongo uliopata mvua, haukuletwa na miaka kutoka nje. Ulikuwamo tangu mwanzo, umefunikwa na makali. Hoja hii inaweza kumkera mtu anayependa kuamini kwamba kila kinachozeeka hupata hekima. Muda wenyewe hauna hekima yoyote. Hufanya kazi juu ya kitu kilichopo, na mahali pasipo na kitu haufanyi lolote.

Lakini nani shahidi wa mabadiliko hayo? Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Mwenye sanduku la 2008 aliyevuta biri moja kila mwaka atasema ya leo ni bora kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza iko wapi? Ni majivu. Analinganisha moshi ulio mdomoni na kumbukumbu ya moshi mwingine, na huku ulimi wake mwenyewe umezeeka na kujifunza mengine. Akinunua sanduku jipya ili kupima, amenunua mavuno mengine, ya mvua nyingine na mikono mingine. Haiwezekani kuiweka biri ile ile ilipokuwa changa na ilipokuwa kuukuu juu ya meza moja. Ladha ya ukale, kwa maana hii, hukisiwa tu. Haionjwi moja kwa moja.

Mwanafalsafa Immanuel Kant angelimaliza shauri hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi, alitenga kinachopendeza hisi na kilicho kizuri: anayesifu mvinyo wa visiwa vya Canary, alisema, akubali kwamba unampendeza yeye, wala asiwadai wengine wakubaliane naye. Kant mwenyewe, wanaeleza walioandika maisha yake, alikuwa akivuta kiko asubuhi pamoja na chai, na hakuacha falsafa yoyote juu ya kiko hicho.

David Hume alikuwa mkarimu zaidi kwa kinywa. Katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikumbusha kisa cha ndugu wawili wa Sancho Panza, mhusika wa riwaya, walioonja mvinyo wa pipa moja. Mmoja alisema ni mzuri ila una ladha ya ngozi. Wa pili akasema una ladha ya chuma. Walichekwa, mpaka pipa lilipokwisha na chini yake ukaonekana ufunguo wenye kikamba cha ngozi. Kwa Hume, mwonjaji mzuri ni yule anayegundua kilichomo kweli, kwa mazoezi, kwa kulinganisha, na kwa kujivua upendeleo.

Pipa la Hume lina chini yake. Biri haina. Kinachobaki ni kufanya kama lifanyavyo jarida la Cigar Aficionado tangu lilipoanza mwaka 1992: kuvua ile pete ya karatasi yenye jina, kumpa mwonjaji biri yenye namba tu, kisha kulinganisha maelezo ya watu mbalimbali. Wawili wasioambiana wakitaja mwerezi, si haki kuwaambia kwamba ni mapenzi yao tu.

Soko la biri za Kuba limejaa za bandia, nyingine zikiuzwa katika visanduku vyenye kifuniko cha kioo, kitu ambacho biri halali za kila siku hazina. Kuna watu wamezivuta polepole, pumzi moja kwa dakika kama inavyoshauriwa ili moto usichome ladha, wakapitisha moshi kidogo puani, wakasifu miaka isiyokuwamo. Walifurahi kweli. Hawakuonja ukale, walionja habari waliyopewa dukani. Bei ya sanduku kuukuu, basi, inalipia vitu viwili, upole ambao mdomo unaweza kuuthibitisha na hadithi ambayo hauwezi, na sehemu ya pili ndiyo ghali zaidi.

Kuna pia ambacho muda hauondoi. Moshi wa biri ni wa alkali, hivyo nikotini hupenya ngozi laini ya kinywa bila moshi kufika mapafuni. Saratani za kinywa, koo na umio huwapata hata wavutaji wasiomeza moshi, na hakuna tarehe ya sanduku inayobadilisha hilo.