Kuikimbia Hofu

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, ukavunja tuta lililoukinga mji, ukabomoa nyumba na kuikata Reli ya Kati. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Walifanya vyema, kwani akaaye mbele ya maji yanayokuja hana ushujaa wowote. Lakini maji yalipokwisha kupungua, yumkini wako walioendelea kukimbia kitu kingine, nacho ni hofu yenyewe. Mbio hizi za pili ndizo ninazotaka tuzitafakari.

Tuchukue mfano wa mtu wa Kilosa mwenye tabia ya wasiwasi. Dada yake ni mgonjwa huko Morogoro, naye huenda kumtazama kwa njia ya Mikumi. Barabara kuu hukatisha ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1964, kwa kilomita zipatazo 50, na tembo huonekana kando ya lami. Amefika Mikumi mjini. Moyo unadunda, jasho linamtoka, anashuka garini. Papo hapo anapata nafuu. Nafuu hiyo ni mwalimu mbaya! Humfundisha kwamba ameokoka, ilhali abiria wenzake wamefika salama. Safari ya pili hafiki hata Mikumi. Mwishowe simu ya dada yake haipokei, maana kuisikia sauti ile kutamtia hofu. Je, anamwogopa tembo? La hasha. Anauogopa moyo wake unavyodunda.

Wengine hukimbia kwa njia iliyofichika zaidi. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Michelle Newman na Sandra Llera, walieleza kwamba baadhi ya watu hushikilia wasiwasi kwa sababu wanachukia zaidi kutoka katika utulivu na kutumbukia ghafula katika huzuni. Mfano wake ni mama ambaye tangu mafuriko hajiruhusu kufurahi hata wakati wa kiangazi, akidhani kwamba akihuzunika mapema msiba hautamshtua. Nakiri kwamba hesabu hiyo ina ladha ya busara. Lakini anailipa kwa usingizi wake, na kwa vicheko vya watoto wake asivyovisikia.

Wako wasemao kwamba mwenye imani haogopi. Maneno haya huwaumiza hasa walioingia dini karibuni, wakaanza kuificha hofu yao kama aibu. Nabii Musa a.s. aliiogopa fimbo yake ilipoonekana kuwa nyoka, akageuka kukimbia. Hakuambiwa kwamba imani yake imekwisha. Aliitwa arudi, aishike.

Basi ndugu yetu wa Kilosa asingoje hofu iishe ndipo apande gari. Apande nayo. Akiri moyoni kwamba anaogopa, na katika dua yake asiombe tu kuondolewa hofu, bali aombe nguvu ya kufika. Hofu isiyokimbiwa hupanda, kisha hushuka yenyewe. Ashukaye garini mapema hapati kulijua jambo hili. (Na ikiwa hali wala halali kwa sababu ya hofu, aende pia hospitali, hapana dhambi katika kutafuta tiba.) Pengine moyo utadunda mpaka Doma, pengine mpaka stendi ya Msamvu. Dada yake anamngoja.