Mwenye Ghala Si Mwenye Mpunga

Neno likishatoka mdomoni halirudi. Hilo tuliambiwa na wazee na hatukubisha. Je, neno likishatoka kidoleni? Lile uliloandika kwenye simu, ukalituma, kisha roho ikakusuta ukalifuta, linakwenda wapi? Na huko lilikokwenda ni la nani: lako wewe uliyeliandika, la aliyelipokea, au la yule aliyetoa mahali pa kuliweka? Ndugu msomaji, usiseme haya ni mambo ya wenye kompyuta. Ni mambo ya haki.

Hapa kwetu Mlimba zamani swali hili halikuwa na uzito. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na Mlimba ikapata stesheni kabla treni haijaanza kupanda milima kuelekea Makambako. Mtu akiwa na neno la kumpelekea shangazi yake Dar, aliandika barua, akabandika bahasha kwa uji, akampa msafiri. Kazi ya msafiri ni kubeba tu. Akiifungua njiani huyo ni mwizi, hata kama hakuchukua senti. Shangazi akishasoma, akaitia jikoni, basi, mambo yamekwisha.

Simu ilikuja na mbebaji wa aina nyingine. Ujumbe wa kwanza wa maandishi kwa simu ya mkononi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Ujumbe wa namna ile hauruki toka kwako hadi kwa mwenzako. Unafikia kwanza kwenye kituo cha kampuni. Mwenzako akiwa kazima simu, unasubiri palepale mpaka awashe au muda wake uishe. Yaani msafiri wetu wa treni sasa ana nyumba, na ndani ya nyumba ana kabati.

Mimi niliishia kidato cha nne na kompyuta sikuisomea. Haya nimeyajua kwa kukaa na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye kazi yake ni programu. Ushirika mmoja wa wakulima wa mpunga ulimwomba aiboreshe programu yao ya hesabu, iwe na sehemu ya wanachama kuandikiana na ofisi. Nilidhani ataanza na vitufe na rangi. Kumbe kazi ya kwanza ni kutengeneza hilo kabati. Alichukua nakala ya kila kilichomo, maana uboreshaji ukikwama katikati na nakala hakuna, mmekwisha. Halafu akaiamuru kompyuta itengeneze jedwali jipya kwenye hifadhidata: safu ya mtumaji, safu ya mpokeaji, safu ya saa, safu ya ujumbe wenyewe. Na safu moja ya mwisho.

"Kaka, hii ya 'imefutwa' ni ya nini?"

"Mtu akibonyeza futa, hapa sifuri inageuka moja. Haoni tena."

"Na ujumbe?"

"Upo."

"Hata kama kafuta?"

"Upo, bwana. Hata ningeuondoa kweli, umo kwenye nakala ya jana."

Alisema bila ubaya wowote, kama seremala anavyotaja misumari. Na mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu nzuri: watu hufuta kwa bahati mbaya, kisha wanakuja kulia warudishiwe. Lakini mimi usingizi ulikataa. Mtu anaambiwa "futa", anabonyeza, moyo unatulia. Kumbe kilichofutwa ni macho yake tu.

Hata hivyo tusikimbilie hukumu. Chukua mkulima aliyeandikiwa na ofisi kwamba gunia lake litanunuliwa kwa bei fulani. Kwa neno hilo amekopa, amelipa vibarua, amepakia mzigo. Siku ya malipo anaulizwa, "Nani kakwambia?" Kama ofisi ingeweza kuufuta ule ujumbe ukapotea kabisa, maskini huyu angeshika nini? Mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayependa karatasi zipotee. Na sisi wapenzi wa kalamu tukumbuke kwamba baadhi ya maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yaliyobaki ni barua za Kilwa za mwaka 1711 na baadaye, kwa herufi za Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa, India, katika nyaraka za Wareno. Mmoja wa walioandika ni Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa. Wangezichoma, tungekuwa maskini zaidi.

Sasa geuka upande wa pili. Mama anaiandikia ofisi ileile kuomba aongezewe muda wa mkopo. Anaeleza ugonjwa wake, ambao hata mumewe hajaujua. Muda anapewa, ujumbe anaufuta. Miaka mitatu baadaye karani mpya, kijana wa mtaani kwake, anafungua jedwali. Je, huyo naye ni mwandikiwa? La hasha. Yule mama hakumwandikia yeye.

Tofauti ninayoiona ni hii. Ujumbe wa mkulima ni ahadi. Ujumbe wa mama ni siri. Ahadi ni mali ya pande mbili na upande mmoja hauna haki ya kuifuta. Siri ni amana. Na katika yote mawili mwenye kabati hana lake. Si tunajua wenyewe? Mpunga ukilazwa ghalani kusubiri bei, mwenye ghala hudai ushuru wake, lakini hana ruhusa ya kupika.

Utaniambia kompyuta haijui siri wala ahadi, kwake yote ni herufi. Kweli, lakini anayeipangia ni mtu. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisikae kuliko inavyohitajika. Basi maombi ya siri yapewe jedwali lake na muda wa kuishi, na nakala zake nazo. Ahadi za bei zikae. Na kama ujumbe unabaki, kitufe kisiitwe Futa. Kiitwe Ficha. Nilipomwambia kaka alicheka, akasema hayo wataamua wenye ushirika. Sawa, lakini waamue wakijua.

Inawezekana pia kujenga kabati ambalo mwenyewe hana ufunguo. WhatsApp tangu 2016 hufunga maneno ya ujumbe kwenye simu ya mtumaji, yafunguke kwenye simu ya mpokeaji tu.

Nalisema hili nikiwa na njaa yangu. Natafuta riwaya. Kaka akinifungulia jedwali lile usiku mmoja tu, nitatoka na riwaya tatu: madeni, magonjwa, ndoa zinazovunjika. Sitaki anifungulie. Zaidi ya hapo, sitaki awe na uwezo wa kunifungulia.